Jinsi ya Kufuatilia Mzigo wa Mnara wa Mawasiliano Kutoka Kileleni Hadi Ardhini

Mtu anayesimama chini ya mnara wa simu wenye kimo cha mita 40 huelekea kuamini kwamba kazi kubwa ya msingi wake ni kubeba uzito wa chuma kilicho juu. Kwa kawaida sivyo. Mnara wa vyuma vya pembe wa kimo hicho unaweza kuwa na uzito wa tani chache tu, pengine pungufu ya lori moja lililojaa mchanga. Kinachouelemea ni upepo, na upepo hausukumi kuelekea chini bali kwa ulalo, ndiyo maana mguu mmoja hukandamizwa ardhini huku mwingine, ulio upande wa pili, ukivutwa ung'oke. Asiyeliona jambo hili atasimamia uchimbaji wa msingi akiangalia tu kama udongo ni mgumu wa kutosha kubeba, wakati swali zito zaidi ni kama udongo huo utatosha kuzuia.

Mwongozo huu ni kwa fundi anayeanza, msimamizi wa ujenzi, na hata mwenye kiwanja ambaye mnara unajengwa kwake. Hauchukui nafasi ya mhandisi aliyesajiliwa, lakini atakayeufuata ataweza kusoma mchoro wa mnara, kuufuata mzigo hatua kwa hatua, na kuuliza maswali yanayostahili kabla zege halijamwagwa.

Anza kwa kuiandika mizigo

Chora mnara kwa upande mmoja, kisha weka kwenye mchoro huo kila kitu kilichofungwa juu yake: antena za sekta, madishi ya maikrowevu, ngazi, majukwaa, na kebo zinazoshuka. Kebo husahauliwa mara nyingi, ingawa zikipangwa kwa wingi kwenye ngazi yake huwa kama ubao mrefu unaokinga upepo kuanzia chini hadi juu. Andika uzito wa kila kifaa na eneo lake linaloelekea upepo, pamoja na kimo chake kutoka ardhini. Kimo ndicho kitakachoamua mambo mengi baadaye.

Kanieneo ya upepo, kwa nyutoni kwa kila mita ya mraba, hupatikana kwa kuizidisha kasi ya upepo kwa yenyewe, ikiwa katika mita kwa sekunde, kisha kulizidisha jibu kwa 0.613. Upepo wa mita 20 kwa sekunde hutoa takriban nyutoni 245 kwa mita ya mraba, na upepo wa mita 40 kwa sekunde hutoa takriban 981. Kasi imeongezeka mara mbili, lakini kani imeongezeka mara nne. Kwa hiyo mnara uliosimama salama miaka kumi katika upepo wa kawaida haujathibitisha lolote kuhusu siku ya dhoruba, na kwa wakazi wa Mafia, Lindi na Mtwara jambo hilo si la nadharia tangu kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024.

Chukua dishi moja lenye kipenyo cha mita 1.8. Eneo lake ni karibu mita za mraba 2.5, na ukizingatia umbo lake, upepo wa mita 40 kwa sekunde utalisukuma kwa takriban kilonyutoni 3, yaani kana kwamba kuna kilo 300 zinazolisukuma kwa ulalo, ambazo ni nyingi kuliko uzito wa dishi lenyewe. Dishi hilo likifungwa kwenye kimo cha mita 40, kani hiyo huzidishwa kwa mita 40 na kuzaa momenti, yaani nguvu ya kupindua, ya kilonyutoni-mita 120 kwenye kitako cha mnara. Likishushwa hadi mita 20, momenti hupungua kwa nusu. Fundi anayeombwa kupandisha dishi mita chache zaidi ili lione mbali anapaswa kujua kwamba ameombwa kuongeza mzigo, ijapokuwa hakuna hata kilo moja iliyoongezwa.

Kuhusu mizigo mingine nitapita haraka. Tetemeko la ardhi ni lazima likadiriwe katika maeneo ya Bonde la Ufa, lakini kwa kuwa mnara wa vyuma ni mwepesi, upepo ndio unaotawala mara nyingi. Barafu si tatizo kwenye miinuko yetu mingi, ingawa kwingine imeangusha minara mikubwa: mlingoti wa Emley Moor nchini Uingereza, uliokuwa bomba la chuma lenye kimo cha mita 386, ulianguka tarehe 19 Machi 1969 baada ya kulemewa na barafu na kutikiswa na upepo.

Gawa kazi kati ya miguu na mishazari

Upepo ukishapiga juu, mnara unapaswa kupeleka chini vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni ile kani ya ulalo yenyewe, ambayo hujumlishwa kadiri unavyoshuka kwa sababu kila kipande cha mnara huongeza upepo wake. Cha pili ni momenti, yaani ile nia ya mnara kutaka kupinduka, na hii huongezeka kwa kasi kubwa zaidi kadiri unavyoelekea chini. Kwa sababu hiyo minara mingi hutanuka chini, na kwa sababu hiyohiyo Gustave Eiffel na wahandisi wake waliipa miguu ya mnara wao wa Paris, uliokamilika mwaka 1889, mkunjo unaofahamika duniani kote.

Katika mnara wa miguu mitatu au minne, momenti hubebwa na miguu: mmoja hubanwa, mwingine huvutwa. Kani ya ulalo hubebwa zaidi na mishazari, vile vyuma vinavyopita upandeupande kati ya mguu na mguu, ingawa miguu iliyoinama nayo huchukua sehemu yake.

Tufanye hesabu moja ya kufundishia. Mnara una kimo cha mita 40, miguu minne, na umbali wa mita 5 kati ya mguu na mguu chini. Uzito wake pamoja na vifaa ni kilonyutoni 80, na ikumbukwe kwamba kilonyutoni 10 ni takriban uzito wa tani moja. Tuseme jumla ya upepo ni kilonyutoni 60, na kitovu chake kiko kwenye kimo cha mita 24. Momenti kwenye kitako ni 60 mara 24, yaani kilonyutoni-mita 1,440. Upepo ukiupiga mnara kwa uso, miguu miwili hubanwa na miwili huvutwa, kila mmoja kwa 1,440 kugawanya kwa 10 (mita 5 mara miguu miwili), yaani kilonyutoni 144. Lakini upepo hauchagui uso. Ukija kwa kona, mguu mmoja tu hubanwa na mmoja huvutwa, na umbali kati yao ni ule wa kona kwa kona, takriban mita 7.07. Kani inakuwa karibu kilonyutoni 204 kwa kila mmoja wa hiyo miwili. Huo upepo wa kona ndio wa kupimia miguu ya mnara wa namna hii, na atakayehesabu kwa uso peke yake atakuwa amepunguza mzigo kwa zaidi ya robo.

Sasa weka uzito. Kila mguu hupokea robo ya 80, yaani 20. Mguu uliobanwa unabeba 224. Mguu unaovutwa unabaki na 184 za kuuvuta juu. Uzito wa mnara umesaidia kidogo sana. Kilonyutoni 184 ni zaidi ya tani 18 zinazotaka kuung'oa msingi mmoja kutoka ardhini, na ndizo tutakazozifuata hadi mwisho.

Kabla ya kushuka, mishazari inastahili kutazamwa zaidi kwa sababu ina kazi ya pili isiyoonekana kirahisi. Chuma chembamba kilichobanwa hakisubiri kupondeka. Hupinda kwa ubavu kwanza. Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba uwezo wa nguzo nyembamba kustahimili mbano hupungua kwa mraba wa urefu usioshikiliwa. Mshazari unaoshika mguu katikati hufanya urefu huo kuwa nusu, na hivyo mguu hubeba hadi mara nne. Ung'oe mshazari huo, na mguu uleule, wa chuma kilekile, unaweza kubaki na robo tu ya uwezo wake. Kwa macho hakuna kilichobadilika: mnara bado umesimama, antena bado zinafanya kazi, na upepo wa jioni hauutikisi.

Ndiyo sababu wizi wa vyuma vya minara ni jambo la hatari kubwa kuliko bei yake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nchini Kenya, tarehe 11 Januari 2022, minara ya njia ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na nchi ikakosa umeme; uhujumu wa minara ukatajwa, na mwezi huohuo serikali ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Hiyo ilikuwa minara ya umeme, lakini muundo wake hupeleka mzigo kwa njia ileile. Ukikagua mnara, hesabu mishazari ya uso mmoja, kisha linganisha na nyuso nyingine moja baada ya nyingine, hasa kwenye mita chache za chini ambako mkono wa mwizi hufika. Tundu la boliti lililo tupu ni ushahidi wa kutosha wa kuandika ripoti siku hiyohiyo.

Tazama kwa karibu pale chuma kinapokutana na zege

Inama kwenye kitako cha mguu mmoja. Utaona bamba nene la chuma lililounganishwa na mguu, na boliti zinazotoka kwenye zege na kulipita bamba hilo. Juu ya bamba kuna nati, mara nyingi mbili kwa kila boliti, ya pili ikiwa ya kufungia. Chini ya bamba, kama kuna nafasi, kuna nati nyingine ambazo zilitumika kusawazisha mnara wakati wa kuusimamisha.

Mguu ukibanwa, mzigo hupita kwenye bamba na kuingia kwenye zege kupitia saruji laini iliyojazwa chini yake, au, kama haikujazwa, kupitia zile nati za chini na boliti zenyewe. Mguu ukivutwa, mambo hugeuka: bamba huinuka na kuzikaza nati za juu, nazo huzivuta boliti. Kwa hiyo nati ya juu iliyolegea si dosari ya kupuuzwa, kwani katika dakika ambayo mnara unaihitaji, bamba litacheza kwanza kabla boliti haijaanza kushika, na mchezo huo ukirudiwa kwa kila wimbi la upepo, chuma huchoka. Angalia pia nafasi iliyopo kati ya zege na bamba. Ikiwa kubwa kuliko kipenyo cha boliti na haijajazwa, boliti hazivutwi na kubanwa tu, bali pia hupindwa na ile kani ya ulalo, nazo hazikukusudiwa kazi hiyo isipokuwa mhandisi amezipimia.

Boliti huingia ndani ya zege kwa kina kirefu, na mwishoni huwa na bamba au nati kubwa ili zisichomoke. Kutoka hapo mzigo unaovuta lazima uhamie kwenye nondo za wima za nguzo fupi ya zege, kwa sababu zege ni hodari likibanwa lakini dhaifu likivutwa. Uwezo wake wa kuvutwa ni takriban sehemu ya kumi ya ule wa kubanwa. Nondo hizo hushuka hadi kwenye kitako cha zege kilicho chini kabisa na kukunjwa humo.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila msimamizi alikague kwa macho yake kabla ya kuruhusu zege. Kitako kinapobeba uzito wa kukandamiza, udongo hukisukuma kutoka chini na upande wake wa chini ndio unaotanuka, kwa hiyo wavu wa nondo wa chini unatosha. Kitako kinapovutwa juu, ni udongo ulio juu yake unaokizuia, kinapinda kinyume, na upande wa juu ndio unaotanuka. Bila wavu wa juu, zege hupasuka kuizunguka nguzo fupi. Fundi aliyezoea misingi ya nyumba ataweka wavu mmoja wa chini kwa nia njema kabisa, kwa sababu nyumba haivutwi juu.

Pima kama ardhi itashika

Turudi kwenye zile kilonyutoni 184. Tukitaka usalama wa mara moja na nusu, msingi mmoja unapaswa kuwa na 276 za kuzuia. Tuchimbe shimo la kina cha mita 2.5, tuweke kitako cha mita 2.5 kwa 2.5 chenye unene wa nusu mita, na nguzo fupi ya sentimita 60 kwa 60 hadi usawa wa ardhi. Kwa uzito wa zege wa kilonyutoni 24 kwa mita ya ujazo, kitako kina 75 na nguzo fupi 17. Udongo uliorudishwa juu ya kitako ni karibu mita za ujazo 11.8; kwa kilonyutoni 17 kwa kila mita, una 200. Jumla ni 292. Msingi unafaa, na tazama ni nani aliyefanya kazi: theluthi mbili ya kizuizi ni udongo, wala si zege. Wahandisi wengine huhesabu pia udongo unaotanuka kama kabari kuuzunguka msingi, sikuuhesabu hapa.

Kwa upande wa mguu unaobanwa, jumla ya 224 na 292 kwenye mita za mraba 6.25 ni takriban kilonyutoni 83 kwa mita ya mraba, ambazo udongo mwingi ulio imara huzimudu. Kung'oka ndiko kulikoamua ukubwa wa shimo.

Kwa hiyo udongo unaorudishwa ni sehemu ya muundo, sawa na nondo. Urudishwe kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine likiwa na unyevu wa kiasi, si kavu la vumbi wala la tope. Nimeona mahali ambapo kifusi chote kilimwagwa kwa siku moja na kukanyagwa kwa miguu, kisha juu yake ikawekwa kokoto safi. Baada ya masika kuna bonde kuizunguka kila nguzo, na bonde hilo linaeleza waziwazi kwamba chini kuna mapengo.

Maji yanadai hesabu ya peke yake. Kitu kilichozama hupoteza uzito sawa na wa maji kilichoyasukuma, kwa hiyo zege lililozama huhesabiwa kwa takriban kilonyutoni 14 badala ya 24, na udongo kwa takriban 9. Maji yakipanda hadi juu ya ardhi, msingi wetu wa kilonyutoni 292 unabaki na takriban 160, chini ya zile 184 zinazovuta. Msingi ambao ulikuwa salama wakati wa kiangazi haufai tena. Mahali penye maji ya juu, ama kitako kipanuliwe, ama miguu yote iunganishwe kwenye bamba moja kubwa la zege, ama zichimbwe nguzo ndefu za zege zinazoshika udongo kwa msuguano. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, unahitaji uchunguzi kabla ya uamuzi wowote. Kwenye miamba ya matumbawe ya pwani na visiwani, toboa ili kuhakikisha kwamba hakuna uwazi chini ya mwamba unaoonekana mzima, na uongeze uangalifu kwa kutu ya hewa ya chumvi kwenye boliti.

Mlingoti unaoshikwa kwa kamba za chuma

Mlingoti mwembamba wenye kamba hupeleka mzigo kwa njia tofauti, na ni kosa kuukagua kama mnara wa miguu. Upepo ukiupiga, kamba za upande upepo unakotoka hukaza na kuchukua kani ya ulalo, kisha huipeleka kwenye nanga zilizozikwa mbali na mlingoti. Lakini kamba hushuka kwa mshazari, hivyo kila inapovuta kwa ulalo huvuta pia kuelekea chini. Kamba yenye mvuto wa kilonyutoni 50 kwa pembe ya nyuzi 45 huongeza karibu kilonyutoni 35 za kuukandamiza mlingoti, na nanga yake huvutwa juu kwa 35 hizohizo na kuburutwa kuelekea mlingotini kwa 35. Kwa hiyo kitako cha mlingoti karibu kila mara hubanwa, mara nyingi kikiwa kimewekwa juu ya egemeo linaloruhusu kuinama kidogo, na kazi ya kuzuia kung'oka hubaki kwa nanga.

Kamba hukazwa tangu mwanzo, kwa kawaida karibu asilimia 10 ya nguvu inayoweza kuikata. Zikilegea, mlingoti huyumba na kupoteza mashiko yanayouzuia kupinda. Zikikazwa kupita kiasi, mlingoti hubanwa bure hata siku isiyo na upepo. Zikiwa hazilingani, mlingoti hupindishwa. Mlingoti wa redio wa Konstantynów nchini Poland, uliokuwa na kimo cha mita 646 na uliokuwa mrefu kuliko kitu chochote kilichowahi kujengwa hadi wakati huo, uliporomoka tarehe 8 Agosti 1991 wakati mafundi walipokuwa wakibadilisha kamba zake. Kamba ya kudumu haifunguliwi hata kwa dakika chache kabla kamba ya muda haijafungwa na kukazwa kwa kiwango kilichoandikwa na mhandisi.

Kila kifaa kipya kinaanzisha hesabu upya

Minara mingi sasa inatumiwa na kampuni zaidi ya moja, na kila mpangaji mpya huja na antena zake, kebo zake na madishi yake. Omba orodha ya mizigo ambayo mnara ulipimiwa tangu awali, weka pembeni orodha ya vilivyopo leo, na ufuate njia ileile: eneo linalokinga upepo, kimo, momenti, mguu, boliti, nondo, kitako, udongo. Mguu wa chuma ukionekana dhaifu unaweza kuongezewa chuma, na mshazari mwembamba unaweza kubadilishwa kwa mnene. Msingi ulio chini ya mita mbili za udongo hauongezwi kirahisi, kwa hiyo uanze nao: tafuta michoro yake ya ujenzi, na kama haipatikani, chimba kando ya nguzo moja kwa uangalifu, siku tulivu, kwa kibali cha mhandisi, upime upana wa kitako na kina chake, kisha urudishe udongo na kuushindilia tabaka kwa tabaka kabla ya kuondoka.